Rivolva Iliyotoka Chini ya Koti

Nilistaafu majira ya kuchipua yaliyopita, na tangu hapo mke wangu, Gulshan, amenifukuza jikoni mara nyingi kwa kosa la kupanga visu vyake kwa urefu. Siku ya kuniaga, nyinyi walinzi mnaosema Kiswahili, ambao sasa mmekuwa wengi kiasi cha kujaza zamu nzima, mliniuliza ilikuwaje kampuni yetu ikabeba zile rivolva za zamani, na kwa nini zile na si nyingine. Keki ilikuwa inakatwa, meneja anasubiri kuhutubia, nami nikasema nitaandika. Naandika kwa Kiswahili kama mlivyotaka, ili mabosi wasisome.

Vyeo na mishahara sivigusi. Waliopanda wanajua walivyopanda.

Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Baba yangu alitengeneza cherehani, na mkono wangu ulizoea vyuma vidogo kabla haujazoea kalamu. Nilipofika Toronto nilipata kazi ya kuchonga funguo kwenye duka moja huko Don Mills, na mteja mmoja wa duka lile alikuwa mzee wa Kihungari aliyeitwa Laszlo. Kila alipokuja alisimama kunitazama nikipiga tupa. Siku moja akaniuliza kama ninaogopa silaha. Nikamwambia sijui, sijawahi kuishika. Akasema, "Vizuri. Wanaojua sana ndio wanaonipa taabu."

Ndivyo nilivyoingia chumba cha silaha cha kampuni ya kusafirisha fedha huko North York. Laszlo alikuwa fundi mkuu, na mafundi wengine wote walikuwa mimi peke yangu. Walinzi wetu walizunguka mjini na magari yale ya kuta za chuma, wakichukua fedha madukani na kuzipeleka benki, na kila mmoja alikuwa na rivolva kiunoni. Kwa msiowahi kuiona: rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka, na risasi hukaa ndani ya silinda hiyo kama mbegu ndani ya tunda. Haina mengi ya kuharibika. Ndiyo maana walinzi walifaulu kuiharibu kwa njia za ajabu.

Siku yangu ya kwanza Laszlo alinikalisha mbele ya rivolva zilizorudishwa kutoka barabarani, akanipa mswaki wa meno na kibiriti cha njiti za mbao. Nilidhani nitakuta baruti. Nilikuta makombo ya biskuti, nyuzi za makoti, vumbi la sukari ya donati, na chumvi. Hiyo chumvi ndiyo adui. Mji huu humwaga chumvi barabarani majira yote ya baridi ili barafu iyeyuke, nayo hupanda na viatu, huingia garini, hukaa kwenye ngozi ya mkoba wa bastola, na kula chuma polepole. Nilichokonoa chumvi mpaka jioni. Laszlo akaikagua kazi yangu chini ya taa, akazungusha silinda moja karibu na sikio lake, akasema, "Hii inakwaruza. Rudia." Hakuwa mtu wa kusifu. Nilifanya naye kazi miaka mingi na sifa alizonipa zinaenea kwenye stempu ya posta.

Kitu kikubwa alichonifundisha hakikuwa juu ya chuma. Kila mlinzi mpya alipokuja kuchukua silaha, Laszlo hakumpa silaha. Alimwomba mkono. Aliutazama kama mshona viatu anavyotazama mguu, akapima kutoka kwenye bonde la dole gumba mpaka ncha ya kidole cha shahada. Kisha akampa rivolva tupu, akamwambia aishike na kufumba macho. Ikiwa mtutu uliendelea mstari mmoja na mfupa wa mkono wake, na kidole kikafika kwenye kifyatulio bila mkono kujipinda, alitikisa kichwa kukubali. Ikiwa sivyo, alitafuta mpini mwembamba au mnene. Baada ya hapo alimpeleka mlinzi garini, amevaa koti lake, amekaa kitini na mkanda umefungwa, akamwambia, "Sasa itoe." Wengi walikwama hapo. Walicheka, lakini yeye hakucheka.

Laszlo alipostaafu niliachiwa chumba, taa, na kiti chake kibovu ambacho nilikataa kibadilishwe.

Sasa nije kwenye swali lenu. Rivolva zetu zilikuwa zimezeeka na kampuni ikaamua kununua mpya. Meneja wa shughuli zetu wakati huo aliitwa Doug, mtu mwema, mwepesi wa kupenda vitu. Alikwenda kwenye maonyesho ya silaha Marekani akarudi na mapenzi mapya: rivolva ndogo ya risasi tano, ya madini mepesi, mtutu mfupi kama kidole. Kampuni ilipata ruhusa ya kuingiza moja tu kwa majaribio, kwa sababu mtutu mfupi namna ile sheria ya hapa huukataza. Doug aliiweka mezani kwangu kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu.

"Nizar, ione hii. Inajificha kabisa chini ya koti. Huko Marekani watu wanatembea nayo mfukoni na jirani hajui."

"Hapa si huko," nikamwambia. "Kibali chetu kinataka silaha ionekane juu ya sare."

"Wakati wa kiangazi, sawa. Je, mwezi wa pili? Nani anayeiona?"

Hapo alisema kweli. Raia wa kawaida hapa Kanada karibu hawezi kabisa kupata ruhusa ya kutembea na bastola iliyofichwa, nasi wenyewe tulitakiwa kuibeba waziwazi. Lakini baridi ilikuwa na sheria yake. Walinzi walivaa koti refu lililoteremka mpaka mapajani, na rivolva ikawa chini yake wapende wasipende. Ile kubwa tuliyokuwa nayo iliwachoma mbavu wakikaa garini, na nyundo yake ya nyuma, kile kijichuma kinachogonga risasi, ilinasa kwenye bitana ya koti. Kwa hiyo ndogo ya Doug ilipopita mkononi mwa walinzi, ilisifiwa kama bia ya bure. Nyepesi! Haichomi! Marlon, jitu la Kitrinidadi lenye mabega ya mlango, aliipiga busu.

Doug alitaka nitie saini wiki ileile aombe ruhusa ya kuziingiza nyingi. Nikasema nitaijaribu kwanza, makoti mwilini na glavu mkononi, nje kwenye baridi. Akasema, "Nizar, wewe ungemjaribu hata mama yako." Nikamwambia mama yangu angefaulu.

Katika siku hizohizo ndipo lilipokuja suala la Dada Furaha.

Wengi wenu mnamjua kama mwalimu wenu wa shabaha, mnamwogopa. Wakati ule alikuwa mlinzi mpya, mama wa watoto wawili kutoka Bukavu, mwembamba, mkimya, mwenye kuimba kwaya kanisani Jumapili na kubeba mifuko ya sarafu Jumatatu. Alikuwa amefeli mtihani wa shabaha mara mbili na rivolva kubwa. Mlinzi akifeli tena huondolewa kazini. Ofisini walishakubaliana juu ya sababu, na waliisema kwa huruma, jambo linaloudhi zaidi: ametoka kwenye vita, maskini, anaogopa bunduki. Mmoja alipendekeza apelekwe kwa mshauri wa akili. Doug yeye alikuwa na dawa nyingine: mwanamke mdogo, apewe bastola ndogo.

Furaha alikuja chumbani kwangu mchana mmoja kurudisha silaha, akasimama mlangoni.

"Papa Nizar, banasema naogopa."

"Unaogopa?"

"Mi nilikulia kule Bukavu, fasi kenye bunduki ilikuwa mingi. Kama ningekuwa naogopa, singekuja kutumika hapa. Ni mukono tu. Mukono haifike."

Nikamwambia, "Nipe mkono, dada." Nikaupima kama nilivyofundishwa. Alikuwa anasema kweli tupu. Ili kidole chake kifike kwenye kifyatulio cha ile kubwa, ilibidi aizungushe ndani ya kiganja, na mtutu ukaelekea pembeni kabla hajafyatua. Alikuwa akilenga vizuri kabisa kwa silaha iliyoshikwa upande. Nilikasirika, kwa sababu mtihani mzima walitazama karatasi ya shabaha na hakuna aliyetazama mkono.

Nikamweka kwenye kundi langu la majaribio. Doug akafurahi, akidhani nimekubali dawa yake.

Tulifanya majaribio kwenye uwanja wa wazi nje ya mji, upepo unapuliza kutoka shambani na theluji imefika kwenye vifundo vya miguu. Nilitaka hivyo. Mlinzi hashambuliwi akiwa na mikono yenye joto. Nikawasimamisha muda mrefu mpaka wakaanza kunitukana kwa lugha zao, kisha wakaanza kupiga na ile ndogo.

Matatizo yalijitokeza yenyewe. Kwanza, kile kijiti cha kusukumia maganda kilikuwa kifupi sawa na mtutu, kwa hiyo maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa hayakutoka yote. Mlinzi alilazimika kuvua glavu na kuyachomoa kwa kucha, moja baada ya jingine, vidole vimekufa ganzi. Pili, umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ulikuwa mdogo mno, na mkono ukitetemeka kidogo tu, risasi inakwenda kwa jirani. Tatu lilikuwa teke lake. Bastola nyepesi haina uzito wa kumeza nguvu ya risasi, basi nguvu yote inaingia mkononi. Nililiona teke hilo kila walipopiga, mkono ukiruka juu kama umeguswa na umeme. Lakini kila nilipouliza, "Vipi?" jibu lilikuwa lilelile: nzuri, safi, hakuna shida. Marlon alisema ni kama mwanasesere.

Ikaja zamu ya Furaha. Alipiga risasi zake, akaiweka chini, akabaki ameshika kiganja chake.

"Vipi?" nikauliza.

Akaja karibu, akanijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. "Papa, ile kadogo inauma. Inauma sana. Lakini nikisema, batasema ni juu niko mwanamuke."

"Na usiposema?"

Akatazama wenzake. Doug alikuwa amesimama palepale na kikombe cha kahawa, anatabasamu. Furaha alijua kabisa kwamba bastola ile ndiyo kamba aliyotupiwa ili asizame. Angeweza kufumba mdomo, apige mtihani mmoja kwa meno yaliyokazwa, abaki na kazi. Nilimwona akifikiri. Kisha akageuka, akasema kwa Kiingereza, mbele ya wote, "It hurts. I don't want it." Inauma, siitaki.

Doug akafungua mdomo, nadhani aseme neno la huruma, lakini Marlon akamwahi. Alivua glavu yake polepole, akanyoosha lile kono lake lote. Bonde la dole gumba lilikuwa limevimba, jekundu, ngozi imechubuka.

"Mine too, man," akasema. "I thought it was just me."

Wakafuata wengine. Glavu zikavuliwa, mikono ikatolewa, kila mmoja ana chubuko lake. Wanaume wazima, wengine na ndevu za mvi, walikuwa wamesimama kwenye theluji wakificha maumivu, kila mtu akidhani ni yeye peke yake asiyestahili. Niwaambie ukweli, katika miaka yangu yote pale sikupata kuona majaribio yaliyokwisha vizuri kama yale. Doug mwenyewe, kwa sifa yake, aliiomba ile bastola, akapiga risasi moja, akairudisha kwangu. Hakuitaja tena.

Tatizo la koti lilibaki palepale. Nikarudi mezani. Niliagiza rivolva ya mwili mdogo lakini ya chuma kizito, yenye risasi sita, na mtutu uliozidi kidogo tu ule urefu unaokatazwa na sheria. Watengenezaji huutengeneza urefu huo kwa ajili ya nchi hii hasa. Kijiti chake kilikuwa na urefu wa kutosha kutupa maganda yote kwa msukumo mmoja. Niliondoa ncha ya nyundo iliyokuwa ikinasa kwenye bitana. Nikaagiza mipini ya mpira ya unene tofauti, na ule mwembamba kuliko yote nikauchonga kidogo mwenyewe. Kwa wale mtakaochagua silaha za walinzi baada yangu, msianze na bastola. Anzeni na mkono, kisha kiti cha gari, kisha nguo. Duka likikuambia bastola ni nyepesi na inafichika, umeambiwa habari za mtu anayeibeba. Habari za mtu anayeipiga hujaambiwa bado.

Na koti? Koti lilipatiwa dawa nyumbani kwetu Unionville. Nilikuja na moja la sare, nikalitandaza juu ya meza ya chakula. Binti yangu akauliza kwa Kiingereza kama tumefilisika mpaka nashona nguo. Gulshan akalivaa, akakaa, akasimama, akajifanya anachomoa bastola kwa kijiko cha upawa, akasema, "Mmekuwa mkipigana na koti hili miaka yote? Likateni." Akapasua ubavu wa kulia kutoka kiunoni mpaka chini, akatia vifungo vya kubana vinavyoachia kwa kuvutwa mara moja. Ukitoka garini unavivuta, mkoba wa bastola unatokeza nje, unaonekana kama sheria inavyotaka. Ukikaa, unavifunga, unapata joto. Kampuni ilishonesha makoti yote kwa mfano ule. Gulshan hakuomba kitu, ila bado huwataja walinzi wanaopita mitaani kama "makoti yangu".

Furaha alifanya mtihani wake na rivolva mpya yenye mpini ule mwembamba. Nilikwenda kutazama, nikasimama nyuma kabisa. Sitawaambia alama zake, atavimba kichwa, lakini mtahini alibadilisha karatasi ya shabaha akidhani ya kwanza ina kasoro, jinsi matundu yalivyorundikana katikati.

Msimu wa baridi uliofuata, asubuhi moja, yeye na Marlon walikuwa wakitoka mlango wa nyuma wa jengo moja la maduka hapo North York. Marlon amebeba mfuko, Furaha anamlinda. Kwenye ngazi kulikuwa na barafu isiyoonekana. Marlon akateleza akaanguka chali, kichwa kikagonga zege, na kabla hajajua yuko wapi, mtu aliyekuwa amejibanza nyuma ya pipa la takataka akamjia na nondo imeinuliwa.

Furaha alinisimulia mwenyewe, mchana wa siku hiyo, alipoleta silaha ikaguliwe. Polisi walikuwa wamemaliza kumhoji. Alikaa kwenye kiti cha Laszlo, nikampa chai yenye tangawizi, akaishika kwa mikono yote miwili bila kunywa.

"Nilivuta koti, Papa, ikafunguka. Bunduki ikakuja mukononi yenyewe. Nikamwambia, drop it. Hakuangusha. Kiingereza ikanipotea yote. Nikapiga makelele kwa Kiswahili: 'Weka chini! Weka chini, mutoto wa watu!'"

"Kidole kilikuwa wapi?"

"Inje. Pembeni, vile mulitufundisha. Nilijua iko pale, nilijua itafika. Kwa hiyo sikuwa na haraka." Akazungusha kikombe. "Ile kubwa, ningekuwa nimeikamata vibaya, ningeogopa, ningepiga. Huyu nilimutazama ku macho. Alikuwa anatetemeka kunishinda."

Yule mtu aliiweka nondo chini. Akakaa kwenye theluji, akasubiri polisi kama anayesubiri basi. Marlon alishonwa kichwa, akarudi kazini kabla ya theluji kuyeyuka, na tangu siku ile hakuna anayemtania Furaha mbele yake.

Nilifungua silinda juu ya meza. Risasi sita, zote zimekaa mahali pake, hakuna iliyoguswa. Hapo ndipo machozi yakamtoka Furaha, nami nikajifanya natafuta kitambaa cha mafuta. Nimetengeneza vitu vingi maishani, cherehani, kufuli, saa za watu. Sijapata kutazama kazi ya mikono yangu kwa fahari kama niliyokuwa nayo dakika ile.

Miaka ilipita, kampuni ikahamia kwenye bastola za kisasa mnazobeba sasa, ambazo ni nzuri, na zinakusanya makombo ya biskuti vilevile. Furaha akawa mwalimu wa shabaha. Rivolva zikakusanywa zipelekwe kuyeyushwa, kama inavyotakiwa hapa. Walinzi wa zamani walikuja mmoja mmoja kuzikabidhi, na Furaha akaja wa mwisho. Aliifungua yake, akatazama ndani ya silinda tupu, akapitisha kidole juu ya ule mpini mwembamba, akaifunga taratibu bila kuigonga.

"Papa Nizar," akasema, "hii haikuua mutu."

"Hakuna hata moja iliyoua," nikamwambia. "Zote hizo unazoziona."

Akainama kuzitazama ndani ya sanduku, zimepangwa zimelala ubavu, zimepakwa mafuta ingawa zinakwenda motoni. Aliweka yake juu ya zile nyingine, akanisaidia kufunga kifuniko, na tukalibeba sanduku lile pamoja mpaka garini, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, kwa sababu lilikuwa zito.